Napenda kazi yangu mpaka nyumbani nimekuwa mgeni, nyie kichwa mnakizimaje?

PensiliHB:

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msinicheke, au chekeni ila mnijibu.

Mi nachora ramani za majengo, mwaka wa tisa huu. Nyuzi nyingi za kazi ninazosoma ni za bosi mkali au mshahara mdogo, mi sina hayo. Shida yangu kazi naipenda. Hakuna anayenilazimisha kubaki ofisini, wenzangu wakishaondoka ndo kwanza nachangamka, kimya kinakuwa kizuri, simu haziliii, nafungua mchoro nasema nirekebishe hii ngazi tu niondoke, nikija kuangalia saa ni saa nne usiku. Na nikifika nyumbani sijafika. Nimekaa mezani lakini kichwani naisogeza ile ngazi, nikiisukuma kushoto mtu anagonga kichwa kwenye boriti, nikiivuta kulia inaziba dirisha la stoo, mke wangu anaongea na mi naitikia "mmh" pale panapotakiwa, nimekuwa fundi wa kuitikia kwa kweli, mpaka juzi akanigeukia akauliza "nimesema nini?" nikakwama.

Sasa kilichonifanya niandike ni vitu viwili. Kwanza nimegundua siku hizi mke wangu akitaka kuniuliza jambo ananitumia meseji, na tupo nyumba moja, yeye chumbani mi sebuleni na laptopu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, bila hasira kabisa, "Meseji unajibu haraka." Angenigombeza ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Pili ni mwanangu wa miaka minne. Jumamosi nilimwita akaoge, alikuwa anapanga vibao vyake chini, hata hakugeuka, akanyanyua kiganja kimoja kama trafiki anayesimamisha gari, akasema "Namalizia hii tu nakuja." Wakuu ule mkono ni wangu. Na ile sauti ni yangu, mpaka kale kakuvuta "tuuu".

Kuacha kazi sitaki, na kuipenda kidogo sijui mtu anafanyaje. Mambo ya kupanga muda nimeshajaribu, niliweka alamu ya saa kumi na mbili jioni, ndani ya wiki mkono ukajifunza kuizima bila mimi kujua. Nyie mnaopenda kazi zenu, kichwa mnakizimaje? Maana kompyuta najua kuizima.

Kiti_cha_Nyuma:

Mkuu ioe hiyo ngazi yaishe

(natania usimaindi, ngoja waje wenye akili)

MamaWawili:

Kaka PensiliHB nimesoma nikadhani ni mume wangu kaandika, nimeangalia jina mara mbili. Wangu ni mtu wa mambo ya kompyuta ila huo "mmh" naujua, nikiwa jikoni naweza kukwambia "mmh" ipi kasikia na ipi hajasikia.

Kitu kimoja usije ukafanya ni kuanzisha "siku ya familia". Wangu alianzisha. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunatoka wote, simu anaiacha nyumbani, anatutazama usoni mmoja mmoja utadhani tupo kwenye usaili, watoto wana wasiwasi, mi nina wasiwasi, kila mtu anajitahidi kufurahi mpaka tunarudi tumechoka. Hatukuwa tunadai matembezi sisi. Tulikuwa tunamkosa asubuhi soksi moja haionekani na gari la shule linapiga honi nje, saa ambayo hakuna lolote la maana linalotokea. Mtoto ukimkalisha ukamuuliza habari za shule atakwambia nzuri, basi. Ila mkiwa wote mmeinama chini ya kitanda mnatafuta soksi ndo anakwambia kuna mwenzake anamsumbua.

Na wifi yangu kutokugomba usikufurahie sana. Mi mwenyewe nilipofikia hatua ya meseji nilikuwa nimeshachoka kusimama nyuma ya kompyuta nikisubiri foleni.

ZamuYaUsiku:

Mdogo wangu, mi ni muuguzi, mwaka wa 21 huu. Kazi yangu naipenda na yenyewe haina "namalizia hii tu", wagonjwa hawaishi, ukisema usubiri kazi iishe ndo utoke basi utatoka siku ya kustaafu. Ndo maana wodini tuna kitu kinaitwa makabidhiano, na kama kuna kitu naweza kukupa kutoka huko ni hicho.

Yanakwenda hivi. Dakika ishirini kabla zamu haijaisha huanzi jambo jipya, labda liwe dharura. Unachukua kitabu cha ripoti unapita kitanda kwa kitanda na yule anayekupokea. Kitanda cha 3 dripu yake inaisha saa nane, ikiisha weka nyingine. Kitanda cha 7 majibu ya damu hayajarudi, fuatilia maabara. Kitanda cha 9 hajakojoa tangu jioni, ikifika saa tisa bado, mwite daktari. Angalia hiyo ya kitanda cha 9 inavyosemwa. Husemi "muangalie vizuri kitanda cha 9", hiyo haimsaidii mtu. Unasema kitu gani, saa ngapi, na kisipotokea afanye nini. Halafu unamkabidhi funguo za kabati la dawa, mkononi, sio unaziacha mezani. Mwenzio akishazishika zile funguo we sasa ni mpita njia.

Siku niliyokabidhi vizuri nalala kama gogo. Siku niliyosahau kusema jambo naamka usiku namuona kitanda cha 9 kwenye dari.

Na usidhani ni mazoea ya wauguzi tu. Kuna watafiti wawili, Masicampo na Baumeister, mwaka 2011 walitoa utafiti, waliwapa watu jambo ambalo halijamalizika halafu wakawapa kitu kingine cha kusoma. Lile jambo likawa linawaingilia, kusoma hawasomi. Ila wale walioambiwa waandike mpango kamili watalimaliza vipi, likawaachia. Na walikuwa hawajafanya lolote bado! Mpango tu. Kwa hiyo kichwa chako hakidai kazi iishe, kinadai kuhakikishiwa kwamba kuna mtu kaishika.

Sasa we unatoka ofisini hujamkabidhi mtu, funguo zote unazo mfukoni, lazima utembee nazo. Huna mtu wa zamu ya usiku, sawa, mkabidhi wewe wa kesho asubuhi. Tafuta daftari la karatasi, simu hapana, simu ukiifungua kuandika utakutana na mengine humo. Na usiandike "ngazi". Andika "asubuhi jaribu ngazi ipande kutokea upande wa mlango, ikigusa boriti mpigie injinia, akikataa rudi kwenye mchoro wa kwanza". Kisha lifunge uliache hukohuko ofisini. HUKOHUKO. Ukija nalo nyumbani umekuja na mgonjwa.

Lingine ni la mwili. Mi nikifika nyumbani simgusi mtu kabla sijabadili nguo, kwetu hilo ni suala la usafi, ila nimekuja kugundua zile dakika tano za chumbani ndo ninapogeuka kuwa mama. Nikizikosa naingia jikoni nawapangia watu kazi kwa sauti ya wodini. Tafuta zako tano.

Na wala sijasema huwa napatia. Mwanangu wa kwanza alipoanza kutembea nilimuona kwenye video.

Chuma_Kimoja:

Samahanini wakubwa ila huyu jamaa mnamlegeza. Kupenda kazi ni bahati, watu wengi Jumapili jioni tumbo linawauma kwa sababu ya Jumatatu. Yeyote aliyefanya kitu kikubwa alilala nacho akaamka nacho, kilichompa jina ni hiyohiyo ngazi kichwani.

Mi mambo ya mizani siamini, naamini misimu. Nilipoanza biashara yangu miaka miwili sikulala vizuri, mama watoto nilimwambia mapema, kuanzia tarehe fulani mpaka fulani usinihesabu. Akanielewa. Leo napumua na nipo nyumbani saa kumi. Mwambie shemeji ni msimu, mpe tarehe, piga kazi.

Niliwahi:

Chuma_Kimoja hapo kwenye kumpa mke tarehe nakuunga mkono kabisa, wengi tunaingia bila kuaga. Ila mleta uzi kasema mwaka wa tisa. Msimu gani huo wa miaka tisa?

Na hao wakubwa unaowasema, tuwaangalie vizuri basi. Charles Darwin, yule wa mageuzi ya viumbe, ratiba yake ya nyumbani inajulikana. Anakaa kazini saa mbili asubuhi mpaka saa tatu na nusu, anaacha, anasomewa barua, anarudi saa nne na nusu mpaka saa sita, halafu anatoka kutembea kwenye kinjia chake nyuma ya nyumba. Kuna kakipande kengine jioni, basi. Hazifiki hata saa sita kwa siku, na sidhani kama kuna mtu humu anataka kusema alikuwa mvivu.

Kingine ni huyu mchumi John Pencavel, mwaka 2014 alipitia rekodi za wafanyakazi wa viwanda vya silaha Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliokuwa wanakaa kazini mno kwa sababu vita inadai. Akakuta aliyefanya kazi saa 70 kwa wiki hakuzalisha zaidi ya yule wa saa 56, tofauti ilikuwa kidogo sana. Saa 14 nzima, mtu anachoka, anarudi usiku, na hakuna cha kuonyesha. Hiyo ni kazi ya mikono unayoweza kuhesabu vipande, sasa sisi wa kukaa mezani tunajidanganya kirahisi zaidi maana hakuna anayehesabu.

Haya yangu sasa. Mi ni mhasibu, sehemu niliyokuwa siitaji. Nilikuwa naipenda ile kazi kama unavyosema wewe PensiliHB, kuna raha mahesabu yakikaa sawa mpaka senti ya mwisho, wasio wahasibu hawaijui. Wakati wa kufunga mwaka nikawa natoka saa tano, saa sita usiku, wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Usiku mmoja nilisimama kwenye taa nyekundu, kilichonishtua ni honi nyuma yangu, kuangalia taa ni nyekundu tena. Sijui imebadilika mara ngapi. Mguu ulikuwa kwenye breki, Mungu tu. Baadaye nikaja kusoma utafiti wa Williamson na Feyer wa mwaka 2000, kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mpaka 19 kwenye vipimo anaboronga sawa na mwenye pombe ya 0.05% kwenye damu au zaidi yake. Mi pombe sijawahi kuonja maishani ila nimeendesha gari nimelewa miezi miwili.

Halafu ile dalili mbaya zaidi haikuwa usingizi. Nilianza kuwachukia wateja. Mtu anakuja na swali la kawaida, moyoni namtukana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuelezea huu uchovu wa kazini, wakasema sio ugonjwa ila ni hali inayotokana na stresi ya kazi isiyodhibitiwa, na alama zake ni tatu: nguvu kuisha, kuijengea kazi chuki au kuiona haina maana, na ufanisi kushuka. Hiyo ya pili ndo ulinzi wako mkuu. Unasema unaipenda kazi, vizuri, basi chunga, siku ukiona ile ngazi inakukera bila sababu usiongeze saa.

Mwisho presha ikanilaza, nikapewa likizo ya ugonjwa wiki tatu. Nilikuwa na uhakika ofisi itaanguka. Nikarudi nikakuta kijana niliyekuwa namfundisha kafunga hesabu zote, kakosea sehemu moja tu na kairekebisha mwenyewe. Mnajua nilisikia nini? Sio nafuu. Wivu. Nilikaa kwenye kiti changu nikaona wivu na mtoto wa watu mpaka nikajionea aibu, na hapo ndo nikaelewa nilikuwa sibaki usiku kwa sababu ya kazi kuwa nyingi. Nilikuwa nataka nisikosekane. Kwa nini nilitaka hivyo ndo swali lililonichukua muda, na sitaliandika hapa.

Kwa wanaotaka namba: Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa ripoti 2021, anayefanya kazi saa 55 na kuendelea kwa wiki ana hatari ya kiharusi 35% zaidi ya yule wa saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo 17% zaidi. Walikadiria watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na moyo vinavyohusishwa na saa hizo ndefu. Na kwenye hizo saa 55 sidhani kama mwili unauliza unaipenda kazi au unailaani.

Chuma_Kimoja:

Niliwahi umenipiga kwenye miaka tisa, nakubali. Ila Darwin alikuwa na hela za familia mkuu, wafanyakazi ndani, mke anamlinda asisumbuliwe. Mpe mtu wa kawaida kinjia cha kutembea uone kama kodi italipwa.

Niliwahi:

Hapo sibishi. Asiye na uchaguzi, anayeshika kazi mbili ili watoto wale, huu uzi haumhusu na atakayemwambia "jipe muda" anamtukana. Lakini mwenzetu kasema mwenyewe hakuna anayemlazimisha.

Bosi_Mdogo:

Naongea kutoka upande wa pili maana naona mabosi tumesahauliwa leo. Nina vijana sita. Nilikuwa natuma meseji usiku kwenye grupu la kazi, saa nne, saa tano, na wala nilikuwa sitegemei majibu, natuma ili nisisahau, nautua mzigo kichwani kwangu nilale. Binti mmoja wakati anaacha kazi akaniambia "bosi zile meseji zako za usiku nilikuwa nazisoma nikiwa nanyonyesha, na silali tena mpaka asubuhi." Kumbe nautua kwangu nautwika kwake.

Siku hizi naandika usiku ila naiseti iende saa mbili asubuhi, programu nyingi zina hicho kitu. Ufaransa kuanzia Januari 2017 waliweka kwenye sheria kabisa, kampuni yenye wafanyakazi 50 na kuendelea inatakiwa izungumze na wafanyakazi wake kuhusu haki ya kutoshika simu na imeili za kazi nje ya muda. Mi sina 50 nina sita, ila usingizi wa watu sita ni usingizi.

PensiliHB kama una watu chini yako jiulize "namalizia hii tu" yako inawabakisha wangapi. Mkubwa asipoondoka wadogo wanaona aibu kubeba mabegi.

PensiliHB:

Nimerudi wakuu. Samahani kwa ukimya, nilitaka nijaribu kwanza ndo nije. Siku nne sasa.

Dada ZamuYaUsiku daftari nimenunua. Siku ya kwanza nikaandika kurasa tatu, katikati nikagundua sikabidhi, nachora kwa maneno. Saa moja na nusu imeenda hapo. Siku ya pili mistari minne tu, nikalifungia kwenye droo. Nikiwa getini kwangu ngazi ikaja kama kawaida yake, nikaiambia upo kwenye droo wewe, na kweli ikakaa kimya kama dakika kumi hivi, ikarudi, nikaiambia tena. Siku ya tatu nimeanguka, sijifichi, mteja alibadilisha mawazo jioni nikabaki mpaka saa tatu, na wala hakuwa na haraka, haraka ilikuwa yangu. Niliwahi, hilo la kutaka nisikosekane limenikaa vibaya, bado nalitafuna.

Bosi_Mdogo nina vijana wawili. Sikuwahi kuwaangalia. Juzi nilipofunga laptopu saa kumi na moja na nusu wote wawili walisimama sekunde ileile, mmoja begi lilikuwa tayari mgongoni.

Nyumbani sasa. Jana nilimwita mtoto akaoge, akanyanyua kiganja. Badala ya kumbeba nikakaa chini nikasubiri amalizie. Imechukua muda, anapanga kibao, anakitoa, anakigeuza, anakirudisha palepale. Nikamuuliza unajenga nini. Akasema "Baba usiongee, itaanguka." Nikanyamaza.

Mke wangu bado anatuma meseji. Ya jana nikasoma, nikainuka, nikamfuata chumbani kumjibu kwa mdomo. Kashtuka, ananiuliza kuna nini, nani kapiga simu. MamaWawili naona safari bado ndefu.

Swali moja kwa dada yangu wa zamu, je wazo zuri likija usiku wa manane na daftari nimeliacha ofisini kama ulivyosema? Maana nimeshtuka hapa sasa hivi nimeiona ile ngazi inavyotakiwa kupinda, safi kabisa, na boriti haiguswi.

ZamuYaUsiku:

Chukua karatasi yoyote, andika mstari mmoja, iweke kwenye kiatu utakachovaa asubuhi. Mmoja, sio kurasa tatu.

Halafu mdogo wangu, saa hizi ni saa nane na robo usiku. Mi nipo wodini, nalipwa kukesha. We unakesha na nani?

PensiliHB:

Naenda dada.